Chumvi ya Guerau

Kila Jumamosi namfuta vumbi mtu wa jiwe.
Jina lake Guerau. Amelala chali ubavuni mwa altare,
upanga kifuani, pua imemeguka.
Mguu wa kulia una kiatu chenye mwiba wa kumchomea farasi.
Wa kushoto mtupu: vidole vitano, gumba likimeta
kwa kushikwashikwa na wenye jongo.

Nianze na kilichoandikwa, maana ni kifupi.
Daftari la ushuru la watawa, ngozi ya kondoo,
wino umepauka:
*Guerau wa Montcorb. Nyumbu wa mizigo watatu, chumvi magunia sita.
Mto umefurika. Nyumbu mmoja kaokolewa.
Mjane anaomba nafuu ya kodi.*
Basi. Joka hamna. Binti mfalme hamna.
Chumvi iliyeyuka, maji yakaenda zao.

Aliyeanza ni mjane mwenyewe, Ermessenda,
na mimi simlaumu: watoto wanne, pipa tupu,
mtoza kodi kaegemea mlango.
Mume wangu, akasema, hakuifuata chumvi majini,
alimfuata mtoto wa watu.
Mtoto gani? Hakusema. Mtoza kodi hakuuliza.
Deni likafutwa, na yule mtoto
akabaki anaelea katika hadithi, bila jina, miaka mia.

Akapita mwimbaji na zeze lake, koo limekauka,
usiku wa kukamua zabibu.
Nani atamnunulia divai mtu anayesifu nyumbu?
Kabla kikombe hakijajaa
nyumbu alikuwa farasi mweupe, kwato za fedha,
na mtoto amekua, ana nywele hadi kiunoni.

Watawa wakaona haya kwa zile nywele.
Wakamvua Guerau kiatu upya:
alikwenda peku hadi Yerusalemu, wakahubiri, kwa toba.
Yeye ambaye hakuwahi kuuvuka mlima wa pili!

Kisha mpiga chapa huko mjini, mtu wa hesabu,
alitaka picha ya jalada, na ubao aliobakiwa nao
ulikuwa wa joka.
Hivyo ndivyo mto wetu ulivyoota mabawa.

Mwalimu Pujades akaja na ramani na fimbo.
Joka, aliwaambia wavulana, ni jirani wa ng'ambo.
Wavulana wakaamini. Majina yao yako ukutani, safu mbili,
nayo pia nayafuta.
Vita vilipofika hadi humu kanisani
kila upande ulisema Guerau ni wetu.
Risasi iliyomvunja pua
haina upande unaoikiri.

Bibi yangu Remei alikuwa na yake, ya jikoni:
kiatu alikivua mwenyewe, alinyata
asimwamshe mume wa mtu.
Akicheka, kijiko kinadondoka.
Hiyo ndiyo niipendayo, na siisemi mbele ya padri.

Mimi? Mimi nadhani mchongaji alikosa malipo,
akaweka patasi chini, akaenda kula.

Husemwa mwongo mzuri ametia chumvi.
Magunia sita yalizama pale kivukoni;
karne saba tunayarudisha,
konzi kwa konzi, na hakuna aliyepima.

Juzi walikuja watoto wa shule. Mmoja, Queralt,
meno ya mbele hana, akauliza: kwa nini peku?
Nilifungua mdomo nitaje daftari,
nitaje magunia, nitaje mafuriko.
Nikajisikia nasema:
alimvisha yule mtoto aliyemtoa majini,
miguu yake ilikuwa ya baridi.

Sijui ilitoka wapi. Kitambaa kilinidondokea ndooni.
Queralt akatikisa kichwa, kama anayepokea chenji sahihi,
akakimbia mlangoni kwa wenzake,
na nikamsikia, waziwazi:
alimpa viatu vyote viwili,
na farasi pia.